Gunia la mchele na joto la Tanga

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nimekulia Iringa, nimeolewa Tanga, huu ni mwaka wa pili. Mwezi wa saba mume wangu alipata malipo yake tukaamua kujaza stoo: mchele gunia la kilo 50, maharage kilo 20, na mama akanitumia gunia la mahindi kwa basi, nikasaga nusu yake dona. Sasa ni mwezi wa kumi. Mchele umejaa wadudu, dona ni chungu, watoto wanaisusa, na maharage yanachemka saa tatu bado yanagonga meno. Kwa mama vitu hivi hivi hukaa mwaka. Jirani ananiambia nitie vidonge vya dawa kwenye ndoo ya mchele, mume anataka tununue friza. Nifuate ushauri wa nani? Na nyumba ya watu watano iweke nini stoo?"

Marahaba mwanangu. Nianze na jirani, maana lake ndilo lisilosubiri. Vidonge usitie. Vile vidonge vya ghalani vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo haionekani, hupenya kwenye nyufa za milango, na mtu akishaivuta hospitali haina dawa ya kuiondoa mwilini, wanachoweza ni kumsaidia apumue na moyo uende. Imetengenezwa kwa maghala yanayofungwa na kukaa bila mtu, chini ya wenye mafunzo. Kwenye nyumba ambayo watoto wamelala chumba cha pili haina nafasi. Kama kimeshawekwa kimoja, watoe watoto nje, acha milango na madirisha wazi, na usikimwagie maji, kwani maji ndiyo yanayoharakisha gesi. Akitokea mtu wa kuumwa kichwa, kutapika au kubanwa kifua, mkimbizeni hospitali na mseme wazi kwamba palikuwa na kidonge.

Sasa tuongee kuhusu wadudu. Watu wengi hudhani fukusi huingia kutoka dirishani, kama inzi. Wewe uliwanunua. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute unaokauka. Yai huanguliwa, buu hula punje kutoka ndani, na mdudu mzima hutoka akiwa amemaliza kazi. Kwa hiyo mchele unaweza kuonekana safi kabisa dukani, ukaupepeta usione kitu, na bado umebeba kizazi kizima. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30, ambalo ni joto la kawaida la Tanga, safari hiyo kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua takribani mwezi mmoja. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, fukusi karibu wanaacha kuzaana. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba wewe mwenyewe unaujua. Mama yako hana ufundi ambao wewe huna. Ana baridi.

Piga hesabu nami. Watu watano wakila wali mara moja kwa siku, nusu kilo inatosha, yaani kilo 15 kwa mwezi. Gunia la kilo 50 ni chakula cha miezi mitatu na siku kumi. Umenunua mwezi wa saba, leo ni mwezi wa kumi: fukusi wamepata vizazi vitatu ndani ya gunia lile lile, kila siku likifunguliwa, likichotwa, likifungwa tena kwa kukunja mdomo. Kila ulipochota uliwaongezea hewa.

Na hapo ndipo jibu langu lilipo, mengine yote ni maelezo. Usiwe na chombo kimoja kikubwa. Uwe na chombo kidogo cha kila siku, na vyombo vingine vilivyofungwa kabisa ambavyo havifunguliwi mpaka zamu yake ifike. Mdudu aliyefungiwa ndani ya chombo kilichojaa pomoni huvuta ile hewa kidogo iliyobaki, ikaisha, akafa mwenyewe au akakoma kuzaa. Dawa haihitajiki. Kinachomwokoa ni wewe kufungua.

Vyombo hivyo si lazima ununue. Chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, zile zenye kifuniko cha kukaza, zinafaa sana. Zioshe, zigeuze mdomo chini siku mbili, kisha zianike juani mpaka usione hata ukungu mdogo wa mvuke ndani. Kata chupa moja shingoni, igeuze, ndiyo utakayomiminia. Jaza mchele, gonga chupa mezani ushuke, ongeza mpaka ufike shingoni kabisa, kaza kifuniko. Chupa moja huchukua kilo moja na robo hivi. Kumi na mbili ni mwezi mzima wa wali nyumbani kwako, na chupa moja ikifunguliwa inaliwa siku mbili na nusu, fukusi hapati hata muda wa kujitambulisha. Ukipenda ndoo, chukua ya chakula yenye mfuniko wa kubana na mpira ndani. Ndoo ya lita 20 itakula mchele kilo 16 au 17. Lakini ndoo zilizokuwa za rangi ya ukuta, hata zikioshwa kwa sabuni mara saba, ziache zichotee maji ya kudekia.

Huo mchele ulionao usiutupe, labda kama unanuka uvundo au una punje za kijani, nyeusi au zilizogandana. Fukusi hana sumu. Mwage mchele kwenye ungo au mkeka, tandaza mwembamba, mahali penye upepo na kivuli. Wadudu wazima watakimbia wenyewe, wala usishindane nao. Chekecha vumbi, chambua. Jua kali la saa sita liepuke: huupasua mchele, na ukiupika unakuwa chenga. Kisha gawa mafungu ya kilo mbili mbili kwenye mifuko, funga vizuri, na uingize kwenye sehemu ya kugandishia ya friji uliyonayo, fungu kwa fungu, wiki nzima kila moja. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri siku nne huwa zinatosha, ila friji zetu na umeme wetu, wiki ni salama zaidi. Ukiutoa, usifungue mfuko siku hiyo hiyo. Uache mezani usiku kucha, ulingane na joto la chumba, ndipo ufungue na kujaza chupa. Ukifungua ukiwa baridi, unyevu wa hewa ya Tanga utatua juu ya mchele kama jasho linavyotua kwenye chupa ya soda, na utakuwa umejitengenezea uvundo kwa mikono yako. Hili wengi hulisahau, kisha wanasema kugandisha hakufai.

Utaambiwa utie majani ya mwarobaini, pilipili kavu, karafuu. Tia kama unapenda. Harufu huwafukuza baadhi ya wadudu wazima, lakini buu aliye ndani ya punje hanusi kitu. Mimi hutia karafuu chache kwenye kopo la kila siku, zaidi kwa sababu napenda harufu ninapofungua.

Tuje kwenye dona. Hapa nataka uelewe tofauti yake na sembe, kwa sababu ndiyo iliyokuponza. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, kiini kimeondolewa. Dona limesagwa lote na kiini chake, na kiini cha hindi ndicho chenye mafuta. Ukishakisaga, mafuta yale yamekutana na hewa, na kwa joto la pwani huanza kuharibika. Uchungu unaouonja ni mafuta yaliyochacha. Kwa hiyo dona ni bora kwa lishe na dhaifu kwa kukaa. Mama yako hukaa na mahindi mwaka mzima. Unga hakai nao mwaka, husaga kisado kimoja, wanakula, anasaga tena. Kwa Tanga mimi sisagi dona la zaidi ya wiki tatu. Unga ukitoka mashineni ni wa moto: utandaze upoe kabisa kabla ya kuufungia kwenye ndoo, la sivyo joto litageuka majimaji chini ya mfuniko, na baada ya siku kumi utakuta mabonge.

Nusu ya mahindi iliyobaki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko mchele. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Hiyo haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo, na mwaka 2016 hapa kwetu, Dodoma na Manyara, tulipoteza takriban watu 20. Wengi wao walikula mahindi ya shamba lao wenyewe. Sisemi haya kukutisha, nasema ili usidhani kwamba hindi likitoka kwa mama basi halina neno. Gunia limesafiri kwa basi, pengine limelala stendi, pengine limenyeshewa kona moja.

Kipimo rahisi cha unyevu ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, ongeza mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu, acha ikae robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa, yaanikwe tena. Chumvi ikidondoka chini yote, yamekauka vya kutosha. Kumbuka tu chumvi nayo lazima iwe kavu. Chumvi ya Tanga iliyokaa wazi jikoni ina maji tayari, ikaushe kwanza kwenye kikaango. Kisha kaa chini uchambue mahindi kwa mkono. Yaliyovunjika, yaliyosinyaa, yaliyobadilika rangi, yenye unga wa kijani au wa njano, yatoe. Uchambuzi huo wa kuchosha hupunguza sumukuvu sana.

Ukikuta mahindi yamegeuka unga yenyewe ndani ya gunia, huyo si fukusi, ni dumuzi. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa kwetu alionekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakampa jina la lori, Scania, nadhani unaelewa kwa nini. Kwake yeye kungoja ni hasara: chekecha, anika, saga yaliyo mazima yaishe.

Kwa gunia lijalo mwambie mama anunue mfuko wa PICS kwenye duka la pembejeo, ule wa tabaka tatu: mbili za nailoni nzito ndani na moja ya kufumwa nje. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliubuni miaka ya 1980 kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Cameroon, na siri yake ni ile ile ya chupa zako, kuwanyima wadudu hewa. Kila tabaka hufungwa peke yake, kwa kusokota mdomo, kuukunja na kuukaza kwa kamba. Ukifika Tanga usiufungue kuchungulia. Siku utakayoufungua, yahamishe mahindi yote kwenye ndoo na madumu madogo yaliyojaa, siku hiyo hiyo.

Nina neno moja kuhusu uji wa watoto. Sijui kama unawapikia uji wa lishe, lakini kina mama wengi huchanganya mahindi, mtama, karanga, soya, mchele na vingine mpaka vifike nane, wanasaga debe zima. Ule unga una mafuta ya karanga na soya, unachacha kabla ya dona, na karanga ni ndugu wa mahindi kwenye jambo la sumukuvu. Tena anayeunywa ni mwenye mwili mdogo, kila siku, mara mbili. Saga wa wiki mbili. Karanga zichambue moja moja, zilizosinyaa na nyeusi zitupe. Na mchanganyiko wa vitu vitatu vizuri unatosha, vinane ni fahari ya mama tu.

Maharage. Hapo sina habari njema sana. Maharage yakikaa miezi kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, yakawa magumu, na hayarudi. Waliokuuzia hawakukudanganya, yalikuwa laini mwezi wa saba. Ulichonacho kiloweke usiku kwenye maji ya chumvi, kijiko cha chakula kisichofurika kwa kila lita, umwage maji hayo asubuhi, uyaoshe na kuyachemsha kwa maji mapya. Usiyaloweke tangu alasiri, kwa joto la huko yatatoa povu na harufu kabla ya adhuhuri. Anza unapokwenda kulala. Nyanya, ndimu na tui visubiri mpaka yawe yameiva kabisa, kwa sababu uchachu wa nyanya na ndimu huzuia maharage kulainika, na tui likichemka saa mbili linakatika. Kama maji yenu ni ya kisima na sabuni haitoi povu vizuri, pika maharage kwa maji ya mvua au ya bomba. Magadi kidogo yanasaidia, ila yanakula vitamini B1, basi yawe ya kubana kwa vidole viwili. Ukiweza kupata sufuria la presha, litalipa gharama yake kwa mkaa na gesi utakayookoa.

Kwa ununuzi ujao, kwa Tanga maharage yasizidi ya wiki sita. Watu watano wakiyala mara tatu kwa wiki, ni kilo sita au saba. Maharage yaitwayo soya njano huiva haraka kuliko aina nyingi, nayo ni nzuri kwa tui. Wadudu wa maharage, tofauti na fukusi, hutaga mayai nje ya punje. Ndiyo maana majivu ya bibi yalifanya kazi: yaliziba nafasi katikati ya punje, na yalimkausha mdudu ngozi. Wewe huna haja ya majivu mezani. Tia mafuta ya kula kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, changanya mpaka kila punje ing'ae, kisha jaza chupa. Mafuta huyaziba mayai yakashindwa kuanguliwa. Nimelifanya hili miaka mingi na bado wanafunzi wangu walikuwa hawaamini mpaka wajaribu.

Mume na friza yake. Mwambie wazo si baya, lakini halijibu tatizo mlilonalo. Nafaka haihitaji friza ya kuishi humo, inahitaji wiki moja ya kupitia. Friza ni ya anayenunua samaki wengi soko la Deep Sea wakati wa bei nzuri, au anayechinja. Na kabla ya kununua aulize nyumba inakatikiwa umeme mara ngapi, na LUKU huisha usiku mara ngapi. Friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa nne umeme ukikatika. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Iliyo tupu haishiki kitu, kwa hiyo mwenye friza ajaze nafasi kwa chupa za maji. Kama mnasafiri, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama chini, mjue barafu iliyeyuka na kuganda tena, na samaki wale msiwaonje.

Kama ni fedha ya kutumia, mimi ningenunua kichanja cha mbao. Magunia yako yako wapi? Nadhani yamekaa sakafuni, yameegemea ukuta wa nje, kwa sababu kila nyumba nimeiona hivyo. Saruji hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuupandisha kwenye gunia, hasa masika. Inua vyombo kiganja kizima kutoka chini, na acha upana wa mkono kati yake na ukuta. Kabati la juu ya jiko, ambalo mafundi hulipenda, ni mahali pabaya kuliko pote: joto na mvuke mchana kutwa. Mimi niliweka unga wa ngano na bizari humo miaka miwili, nikijilaumu kununua bidhaa mbovu. Weka humo vyombo vya kioo. Na bizari, iliki ya kusaga, mdalasini, usivinyunyize moja kwa moja kutoka kwenye kopo juu ya sufuria linalochemka. Mvuke huingia kopo lote. Mimina kiganjani au kwenye kijiko kikavu kwanza. Viungo vizima hukaa mwaka na zaidi, vilivyosagwa miezi michache vinakuwa vumbi la rangi. Nunua vizima, ukaange na kusaga vya pilau mbili tatu.

Mafuta ya kula yanaogopa mwanga na joto, na hayapendi kuongezwa juu ya yaliyochakaa. Dumu jipya lisimiminwe juu ya mabaki ya la zamani, wala yaliyokaangiwa samaki yasirudishwe kwenye chupa.

Vya genge nitavipitia haraka. Viazi na vitunguu visikae kikapu kimoja, viazi vinatoa unyevu unaoozesha vitunguu. Viazi gizani, vitunguu kwenye upepo, vyote nje ya friji. Nyanya mbichi ikae nje mpaka iive. Mayai usiyaoshe kabla ya kuyaweka. Likielea majini, litupe. Nazi ukikuta bei nzuri, kuna na ugandishe mafungu ya mchuzi mmoja mmoja, na ndimu zikiwa nyingi kamua maji yake uyagandishe kwenye vitrei vya barafu. Tangawizi igandishe nzima, uikune ikiwa ngumu hivyo hivyo. Dagaa wa Kigoma wapepete mchanga, wakaushe kidogo kwenye kikaango, wapoe, uwafungie. Wao ndio akiba yako ya siku ambayo umeme hakuna na duka limefungwa.

Kuna jambo la mitandaoni nataka nikuzuie: kitunguu saumu kilichosagwa na kufunikwa na mafuta, kinakaa mezani wiki kadhaa. Chini ya mafuta hakuna hewa, kitunguu saumu hakina uchachu wa kutosha, na kuna bakteria wa sumu ya botulizimu wanaopenda hali hiyo hasa. Harufu haibadiliki. Ukitaka kusaga, saga cha siku tatu nne kikae kwenye friji, au kigandishe vipande vidogo. Na kwa kuwa tumefika kwenye yasiyonuka: kiporo cha wali. Mbegu za bakteria fulani hazifi kwa kuchemka, na wali ukilala sufuriani mezani kwa joto la Tanga huamka, hutoa sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiui. Wali uliobaki utandazwe kwenye sahani upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Hakuna friji, pika unaoisha.

Sasa stoo ya watu watano. Usinakili ya mtu. Chukua daftari la mtoto, mwezi mmoja andika kila ulichomaliza: siku ulipofungua, siku kilipoisha. Mwisho wa mwezi utajua nyumba yako inakula nini, na si kile unachodhani inakula. Nikibahatisha kwa mlivyo, ningeweka mchele kilo 15 kwenye chupa na nyingine 15 nyuma yake, basi. Dona la wiki tatu, na sembe mfuko mmoja wa akiba kwa kuwa yenyewe huvumilia. Maharage kilo saba, na choroko au kunde kilo mbili kwa sababu huiva haraka. Unga wa ngano kilo nne zilizopita friji kama mchele. Sukari, chumvi yenye madini joto kwenye kopo la kufunga, mafuta lita tano, majani ya chai, dagaa, tambi pakiti mbili, nyanya za kopo chache za mwezi ambao nyanya za Lushoto zinapanda bei. Kila chombo kiandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, mwezi na siku. Kinachoingia kinakaa nyuma, kinachotoka kinatoka mbele. Nilifundisha hilo darasani miaka kumi kabla ya kugundua kwamba nyumbani kwangu namwaga mchele mpya juu ya wa zamani, na punje za chini kabisa sijui zilikuwa za mwaka gani.

Kununua gunia zima si kosa. Baada ya mavuno, mwezi wa sita mpaka wa nane, bei huwa nafuu na ni akili kulifuata. Lakini lichangieni wanawake watatu wanne wa mtaa wenu, mligawane siku hiyo hiyo sakafuni kwa mmoja wenu, kila mtu aondoke na kilo zake na chupa zake. Mtapata bei ya gunia na mzigo wa mwezi mmoja.

Jumamosi hii anza na mahindi kabla ya mchele: kipimo cha chumvi, kuchambua, kuanika kama yanadai. Ile dona chungu usijaribu kuichanganya na mpya ili watoto wasitambue, wataitambua. Wala usiwape kuku, kama ndani yake kuna sumukuvu inaweza kurudi mezani ikiwa ndani ya yai. Ichimbie shimo. Halafu mpigie mama simu umuulize mahindi yake aliyavuna mwezi gani na yalianikwa siku ngapi, maana na ya kwake inawezekana yanahitaji kuangaliwa.